Udi wa Korido

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alishuka kutoka milimani kuja kumwangalia mzazi. Tulimpa chumba cha nyuma, chenye dirisha la uani, na tangu siku hiyo chumba kile kikawa kwangu nchi ya watu. Mkwe haingii anapolala mama mkwe. Kwetu hilo halijadiliwi, na kwao ndiyo kabisa. Tukikutana koridoni, mimi naegemea ukuta huu, yeye ule, namwamkia shikamoo nikitazama sakafu, naye ananiitikia marahaba akitazama sakafu hiyo hiyo. Tukiwa na jambo la kuambizana, tunamtuma mtoto. Shingo yake ilikuwa bado haijakaza, lakini ndiye aliyekuwa mjumbe wa nyumba.

Mama mkwe alikuwa akimpakata mjukuu na kumwomba amwambie baba yake kwamba unga umekwisha. Mimi nilimwambia mtoto kuwa nimesikia. Unga ulipatikana. Sijapata kuona ofisi inayofanya kazi vizuri kama ile.

Kisha harufu ikaingia. Ilianzia koridoni, ikafika sebuleni, na mvua za masika zilipokolea ikawa inakula na sisi. Hakuna aliyeitaja. Mke wangu alipika, mama mkwe aliogesha mtoto, na mimi nilipumua kwa mdomo.

Nilianza na choo, kwa kuwa choo hakina wa kukitetea. Nikamwaga majivu, nikamwaga dawa ya kusafishia, nikamwaga maji ya moto yenye chumvi kwenye bomba la bafuni. Jirani alinishauri nikate ndimu nizipange madirishani, nikazipanga, nyumba ikanuka uvundo wenye ndimu. Mwingine alisema bakuli la mkaa hunyonya kila kitu. Mkaa ulikaa wiki nzima bila kunyonya chochote, mwishowe tukaupikia maharage.

Ndipo nikanunua udi sokoni. Kila asubuhi nilijaza chetezo makaa, nikatia udi, nikakiweka koridoni mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, maana hapo ndipo uvundo ulipokuwa mkali zaidi. Mgeni wa heshima halali kwenye uvundo. Nilikoka, nikapepea kwa mfuniko wa sufuria hadi moshi ukaingia vizuri chini ya mlango, na moyoni nikajisifu kwamba wakwe wa namna yangu wamebaki wachache.

Siku moja mke wangu aliniita jikoni, mtoto akiwa begani, macho mekundu. Aliniambia mama yake anafunga mzigo, anaondoka kesho.

Nikauliza amekosewa nini.

Alinieleza kwa sauti ya chini. Mama yake ana kidonda mguuni, cha muda mrefu, amekuwa akikificha chini ya kitenge. Mke wangu mwenyewe huwa anamwosha kwa maji ya chumvi mimi nikishatoka. Mimi sikujua. Mguu wa mama mkwe ni kitu ambacho mkwe hana habari nacho.

"Anasema umemvumilia vya kutosha," mke wangu akasema. "Anasema wewe una adabu, huwezi kutamka, ndiyo maana udi umekusemea."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mwanamke yule alikuwa amekaa siku zote zile nyuma ya mlango, akivuta moshi wangu, akiamini ninamfukiza kama nyuki. Sasa angerudi milimani na imani hiyo, na mke wangu, ambaye kuketi tu kulikuwa bado kunamuuma, angebaki na mimi.

Nikatazama uani. Mama mkwe alikuwa ameanika mguu juani, kitenge kimepanda kidogo. Nikageuza macho haraka, nikapita kwenda bombani, upepo ukitoka kwake kuja kwangu. Hakuna kitu. Nikarudi koridoni, nikanusa kwenye mlango wa chumba chake kisicho na mtu. Nusura nitapike.

Hapo nikamkumbuka muuza sumu ya panya wa pale stendi ya Dumila, niliyenunua kwake kabla harufu haijaingia. Alinitangazia kwa kipaza sauti kwamba panya akila dawa yake hushikwa na kiu, akatoka nje kutafuta maji na kufia huko. Kweli tuliwakuta kadhaa uani, nikayamaliza mawazo ya panya. Sikufikiri kwamba bati letu linavuja, na panya wa darini hana sababu ya kutoka nje kutafuta maji.

Kuingia chumbani sikuweza. Nikapanda darini kupitia kitundu cha jikoni, nikatambaa juu ya mbao na tochi ya simu mdomoni hadi usawa wa chumba cha nyuma. Panya alikuwepo. Mkubwa, amelala juu kabisa ya kitanda cha mgeni. Nilimtia kwenye mfuko wa unga, nikageuka, mguu ukateleza, ukatoboa silingibodi na kuzama hadi pajani.

Nilikuwa nimevaa kaptula. Mama mkwe, ambaye tayari alikuwa amerudi ndani kumalizia mzigo, hakupiga kelele. Nilimsikia akisema neno moja la kikwao ambalo mke wangu hadi leo hataki kunitafsiria.

Niliposhuka nilizunguka hadi uani na mfuko wangu. Mke wangu alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mtoto kalala. Dirisha la mama mkwe lilikuwa wazi, naye amesimama ndani akinipa mgongo. Nikainua mfuko, nikamwambia mtoto:

"Mwambie bibi yako aliyekuwa ananuka ni huyu. Udi ulikuwa wake. Mwambie namwomba asiende."

Dirishani nikasikia zipu ya begi ikifunguliwa.

"Mjukuu wangu," mama mkwe akasema, bado kageukia ukuta, "mwambie baba yako mguu wake nimeuona. Kesho na yeye auone wangu, anipeleke hospitali."

Akatoa kitenge cha kwanza begini.

"Ila kwanza akaoge."