Gari Inayokunywa Miwa

Gari ya kijana yangu ukitaka kuijua, sikiza kwanza. Brrrm-papapapa-pssshh! Hiyo pssshh ya mwisho ni tabo, ile inasukuma hewa kwa injini, inapumua. Mimi hiyo sauti naitoa vizuri mpaka siku moja bibi yake alitoka jikoni mbio, mwiko kwa mkono, akafungua geti yote, akapata ni mimi nimekaa kwa stuli nikitoa mawe kwa maharagwe.

"Mama, wewe utaniua!"

"Si useme karibu nyumbani, bwana yako amefika?"

Naiga kila mtu. Pasta wetu namuiga mpaka na vile anapanguza jasho. Yule mama wa Kabazi anatuletea viazi namuiga, "Shosho, rori imefika!" na yeye mwenyewe anacheka mpaka anakaa chini. Mtu mmoja tu sikuwa naiga, mzee wangu, baba ya watoto wangu. Tulimzika kule kwetu magharibi, kwenye miwa, na tangu hiyo siku sauti yake niliiweka mbali.

Tangu hiyo siku pia sijarudi. Niko hapa mjini, Free Area, na huyu kijana, lastborn wangu. Garage yake ni hapo mbele ya nyumba, na kila nikimuuliza mambo ya kwenda nyumbani ananijibu akiwa chini ya gari ya mtu, miguu tu ndio naona. "Mathe, mwezi ujao nakupeleka. Na hii Subaru yangu. Utafika kabla chai ipoe." Basi nangoja. Sitaki kitu kubwa. Nataka nikae hapo kwa kaburi kidogo, ning'oe nyasi na mkono yangu, nimpashe habari mzee. Mambo imekuwa mingi, na simu haifiki huko ako.

Sasa hiyo Subaru haikuwa inamtosha. Vijana hukutana upande wa Subukia na gari zao, wanapanda kilima mmoja mmoja, wanapimana nani ako haraka. Kijana mmoja kutoka Eldoret akampita. Wangu alirudi nyumbani hata chakula hataki. Kesho yake akaniambia anabadilisha mafuta. Gari itaanza kunywa ethanol, na petroli kidogo tu juu yake.

"Hiyo tunapikia?" Kwa maana hata jiko yangu ni ya ethanol.

"Kitu kama hiyo, mathe. Na petroli injini inagonga nikiongeza nguvu. Hii iko baridi, haigongi. Naongeza boost, hiyo hewa ya tabo, mpaka huyo wa Eldoret alie."

"Kwa hivyo mimi niliacha kupika pombe nikaokoka, halafu wewe unalewesha gari?"

Alicheka akatoka kwa mlango. Lakini kazi aliifanya. Akatoa pampu ya mafuta akaweka ingine kubwa, kwa maana hii kitu gari inakunywa nyingi kuliko petroli. Akaweka na injekta kubwa, za kunyunyiza mafuta kwa injini. Halafu akaja rafiki yake na laptop, mtoto mwembamba, anaongea na kompyuta ya gari kama mtu anabembeleza mtoto alale: "Haya, polepole... ongeza kidogo... hapo, hapo." Namuiga mpaka leo nikiwasha jiko.

Drum ya hiyo ethanol ilikuja na pickup. Dereva akaniambia, "Shosh, moto mbali na hii." Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema magharibi, wanaitoa kwa molasi ya miwa. Mzee wangu aliendesha trekta ya miwa maisha yake yote. Alikuwa akirudi jioni akinuka moshi na molasi, shati hata ukiifua namna gani.

Siku waliwasha hiyo gari na hiyo mafuta mpya, nilikuwa nimesimama nyuma yake na beseni ya nguo. Ilikataa kushika. Asubuhi ilikuwa baridi, na hiyo kitu haipendi baridi. Ikakohoa, khe, khe-khe, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikanguruma. Moshi ikanipiga kwa uso. Tamu. Si harufu ya petroli, ile ya kuumiza kichwa. Ilikuwa tamu kama mtu amefungua mlango akaingia na shati yake ya kazi. Na vile ilikuwa imekohoa! Mzee alikuwa anakohoa hivyo asubuhi kabla atafute viatu. Niliweka beseni chini.

Wao vijana wanaruka, wanagongana mikono. Mimi nikamwambia kijana yangu, "Sasa kama inakunywa ya kwetu, si inipeleke kwetu?"

Akaanza kupanguza mikono na kitambaa ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono.

"Mathe... hii sasa haiwezi safari. Petrol station hakuna inauza hii. Iko tu kwa drum yangu. Na nikiweka petroli kwa hii setting, injini inakufa."

"Kwa hivyo umeifunga kamba kama mbuzi."

"Kuna kitu inaitwa sensa. Nikiiweka, gari itakunywa mafuta yoyote, itajipima yenyewe. Nitaiweka."

"Mwezi ujao?"

Aliingia chini ya gari ya mtu.

Jumapili moja tulitoka kanisa akasema anataka kujaribu gari kwa barabara ndefu, niende na yeye. Akamwaga kwa tanki yote ilikuwa imebaki kwa drum. Mimi nikaingia ndani nikatoka na mfuko yangu ya safari, ile niliifunga zamani. Akaiona. Akaifungulia mlango wa nyuma, akaiweka kwa kiti kama mtu.

Tukapita Salgaa, tukapanda. Ile gari inapanda! Malori inabaki nyuma kama imeegeshwa. Nilikuwa naangalia mshale ya mafuta vile inashuka. Kufika Mau Summit akaweka gari kando, pale barabara ya Kericho, ya kwenda kwetu, inatoka.

"Mathe, kamba imeisha hapa. Tukipita, haturudi."

Nikashuka. Nikaenda nikasimama nyuma, injini bado inanguruma, nikavuta ile moshi tamu. Malori zinashuka zikienda kwetu, moja baada ya ingine, hata hazitaki kwenda. Kijana yangu akakuja karibu. Akaona uso yangu, akataka kunichekesha.

"Mathe, tuigie pasta."

Sijui ilitoka wapi. Nilikohoa kwanza, vile mzee alikuwa anaanza, halafu ikaja, ile sauti yake nzito, ya polepole:

"Kijana. Hiyo chuma yako nimeisikia. Iko na nguvu. Imemaliza miwa yetu. Sasa niambie, mama yako nitaletewa na nani?"

Alitoa kofia. Huyu mtoto alikuwa mdogo tukizika baba yake, sikujua kama anaikumbuka hiyo sauti. Aliikumbuka.

"Ni mimi, baba."

"Lini?"

"Wacha niweke sensa, baba."

"Sensa mimi sijui. Najua nyasi imenifunika."

Nilitaka kuongeza, lakini sauti ilikuwa imeisha. Nilikohoa tena, ikatoka kikohozi yangu tu, ya mwanamke mzee kwa upepo. Kijana yangu akanishika mkono, tukarudi kwa gari. Njia yote ya kushuka aliendesha polepole, mpaka yale malori ikatupita.

Sensa ameagiza. Anasema iko njiani, na safari hii ananiambia akiwa amesimama, naona uso. Mfuko sijafungua, nimeiweka hapo kwa mlango. Na asubuhi, gari ikikohoa huko nje, mimi nakohoa huku ndani. Bibi yake anaita kutoka jikoni, "Mama, ni wewe ama ni gari?"

Nangoja ikohoe tena.