Chungu Kisichooshwa

Jambo zima lilinigharimu mbuzi wawili, chungu cha mama na mizigo tisa ya kuni. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili nikaongeza mdomo wangu, kwa kuwa ndio ulionipeleka.

Reli ya Mdachi ilikuwa imefika Dodoma. Mvua ilikuwa haijafika, msimu wa pili ule. Nyumbani tulibaki mimi na mama, mpika chumvi. Tulikwangua udongo mweupe mbugani, tukautia katika chungu chenye tundu chini na nyasi ndani, tukaumwagia maji, na yaliyodondoka tukayachemsha mpaka ibaki chumvi. Lakini mwaka ule nani atoe mtama apewe chumvi? Mtama wenyewe ndio uliokuwa unatafutwa.

Nikapata kibarua kituoni: kuingia katika tumbo la gari moshi lililopoa na kugonga ukoko mweupe kwa nyundo. Maji ya kisima cha kituo yalikuwa na chumvi, ndiyo yaliyouacha. Akaja Mdachi mmoja na sanduku la vichupa kuyapima. Alitia tone moja la dawa, maji yakageuka kama maziwa. Nilisimama na nyundo yangu, nikasahau kwamba sijala. Kazi ya kujua maji yana nini ndani, hiyo ndiyo niliyoitaka. Na alikuwa anatafuta msaidizi wa kusafiri naye, anayejua kuyatoa maji chumvi, wa kula posho kila siku. Angeondoka baada ya siku kumi.

Nikamwendea mkalimani wake, Mrangi wa Kondoa.

"Wewe Mgogo unajua nini kuhusu maji?"

"Kuyachuja. Kwetu tunachuja tangu enzi za bibi."

"Kukufikisha kwa Bwana ni mbuzi."

"Nusu mbuzi."

"Nusu ipi, inayotembea?"

Tulikuwa na mbuzi wawili. Nikampa mmoja.

Mama alinipa chungu cha kuchujia kwa sharti moja: nisikioshe. Chungu cha chumvi kwetu hakioshwi. Kikioshwa, chumvi hukimbia. Sikukiosha. Nikachuja maji ya kisima, yaliyokuwa na tope, yakatoka maangavu kama jicho la mtoto. Mdachi akatia tone. Yakawa mazito kuliko yalivyokuwa kabla sijayagusa.

"Bwana anasema aliomba maji," Mrangi akaniambia, "hakuomba uji."

Nilikaa nyuma ya tangi la maji ya gari moshi mpaka nikaelewa: chungu kile kilikuwa kimekunywa chumvi tangu enzi za bibi. Siku ya pili mama alipokwenda mbugani, nikakiosha. Mitungi sita ya maji, wakati watu wanalala na kiu. Mbuzi wa pili akaenda kwa Mrangi. Nikachuja tena, na tone likaanguka tena.

"Hongera, mtani. Leo ni mabaya kama ya kisima, hayazidi."

Niliporudi, mama alikuwa amekishika chungu. Alipitisha kidole ndani, akakilamba.

"Ungeniuliza," alisema. "Chumvi ndiyo inayopita, mwanangu. Kinachobaki ni udongo. Umeliona hilo tangu nikiwa nakubeba mgongoni. Ulidhani tunafanya nini pale?"

Akanivuta mpaka kwenye chungu cha kuchemshia, akageuza mfuniko, akaniambia nilambe. Matone ya mvuke yaliyoning'inia humo yalikuwa matamu, hayana chumvi. Wakati wa ukame alikuwa akiyakinga ayanywe, na mimi nilidhani ni ubahili.

Zilibaki siku mbili. Nilikwenda kukata kuni mpaka vilima vya Miyuji, nikazichoma zote nikichemsha maji ya kisima na kukinga matone ya mfunikoni, nikapata kikombe kimoja. Mrangi akanitazama.

"Safari hii una nini?"

"Nimebaki na mama tu."

"Huyo sina pa kumweka. Pita."

Tone likaanguka. Maji hayakubadilika. Mdachi akaongeza la pili, akainua kichupa juani, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Kisha akauliza kuni zilikuwa ngapi. Ningeweza kudanganya. Nikasema mizigo tisa.

Alikwenda kwenye tangi, akaligonga kwa ngumi, chini mpaka juu.

"Bwana anasema akili unayo," Mrangi akasema, polepole safari hii. "Lakini ili gari lishibe mara moja, itabidi umalize miti yote ya Ugogo."

Sanduku likafungwa. Kesho yake waliondoka. Nilipoulizia mbuzi, Mrangi alijibu kutoka dirishani kwamba walikuwa wa kuonana na Bwana, hawakuwa wa kukubaliwa.

Tangu hapo chungu kinatoa chumvi kiduchu, mama anachuja mara tatu apate konzi moja. Kwa hiyo naomba: anayejua njia ya kupata maji ya mfuniko kwa kuni chache, anieleze, nitamsikiliza hata akiwa Mrangi. Lakini anayejua chungu kilichooshwa hurudishiwaje chumvi yake, huyo atangulie. Mama ananiuliza kila asubuhi.