Namahoro Alisema Nipimwe

Bamama, mi Wabiwa wa Lubondja. Mbele ya vita nililima mihogo, nikaiuzisha kwa soko ya Baraka. Kisha tukakimbia. Kwa njaa ya porini, damu ya mwezi ilikatika kwa bamama wengi. Hakuna aliyeshangaa.

Uvimbe niliushika nikioga: mugumu kama punje ya muhindi, hauumi. Nikanyamaza. Ukakua, chuchu ikaingia ndani, ikatoa damu. Bwana yangu Mmunga akanivusha ziwa mpaka hospitali kubwa. Bakakata titi la kushoto.

Dokta akasema, "Mama, iko dawa inayotafuta kansa ya namna yako. Inapita kwa mushipa. Uko na mimba?"

"Mimba na hii njaa? Hapana."

Kitanda cha pembeni alilala Namahoro, mwanamuke wa milimani. Sisi tulikimbia watu wake, yeye alikimbia wetu. Mwanzo tulipeana migongo. Kisha akasema, "We Mubembe, unakoroma kama ng'ombe yangu."

"Ile iliyokula mihogo yangu?"

Tukacheka, tukishika vidonda.

Yeye alikuwa anapata ile dawa tayari. Asubuhi moja akaweka mukono wangu kwa tumbo yake. Kitu kikasogea. Naye aliulizwa kama mimi, akajibu njaa. Bakamupima: maji ya mutoto yalikuwa yamekauka.

"Ni dawa," dokta akasema. "Tunaiacha. Pengine maji yatarudi."

Hayakurudi. Mutoto alizaliwa kimya. Tulimufunga na kitenge changu.

Bakaniletea chupa yangu ya kwanza ya ile dawa. Namahoro akainuka na maumivu yake. "Muganga, huyu apimwe mimba mbele ya dawa!"

"Niache, dada."

"Wabiwa, pimwa."

Nilikuwa na mimba.

Ile dawa bakaiweka kando mpaka nizae. Miezi mitatu ya mimba ilipopita, bakanipa dawa ingine ya kansa. Nywele zikaanguka, nikatapika, lakini mutoto alicheza ndani. Alizaliwa akilia. Hapo ndipo nikaanza ile dawa. Kunyonyesha bakanikataza, wifi yangu Sifa akamunyonyesha pamoja na wake.

Namushukuru Mungu, na Mmunga, na Sifa. Bamama, ile dawa iliniponyesha, musiikimbie. Lakini mupimwe mimba mbele, hata kama munajua ni njaa.

Namahoro alirudi milimani na kitanda chake kikapewa mwingine. Sijui kama yuko muzima. Nikipitisha mukono kwa kovu, kiganja kinasikia kile kitu cha tumbo yake kikisogea.

Binti yangu nilimupa jina lake. Majirani baliuliza, "Mutoto wa Kibembe, jina la milimani?" Mpaka leo nikiita "Namahoro!" binti anaitika, na mi nabaki nikisikiliza.