Dakika Tano za Mwadhini

Bibi yangu wa Chwaka hakuwa na saa, alikuwa na jogoo. Jogoo akiwika alasiri, bibi anateleka wali, na babu akirudi kutoka shamba anaukuta wa moto. Siku moja jogoo akawika mapema, sijui aliona nini. Babu aliporudi wali ulishapoa na kukauka. Akaula wote, akaomba kisu. Bibi akamwambia, "Kwa kosa moja, mume wangu?" Babu akasema, "Kosa lenyewe la wali." Mimi nikapewa miguu ya yule jogoo.

Sasa nnataka kusema habari za mwadhini wa msikiti wetu, huku Mji Mkongwe, na nnaona nimeanza kwa kumfananisha mtu mwema na kuku. Mungu anisamehe. Shule niliacha mapema, mambo hunijia vile yanavyojijia.

Marehemu mwadhini huyo alikuwa akishona magodoro ya sufi. Mke wake alipigwa na kiharusi, akawa wa kulala tu, na kwa miaka minane bwana huyu alimkosha, akamlisha, akamsuka nywele. Naam, alimsuka, mlangoni, mchana, watu wanapita. Wa barazani kwetu wakamtania: "Mwanamume gani anasuka?" Akajibu, "Anayejua," akaendelea na mstari wake. Adhana hakukosa hata moja. Watoto wake wa kike wote walishaolewa, mmoja Fumba, mmoja Paje, na kila mmoja alitaka kumchukua mama. Hakukubali.

Nyumbani kwake palikuwa na saa ya ukutani, ya harusi yao, iliyochelewa dakika tano. Hakuitengeneza. Aliitazama, akaongeza tano kichwani, akenda msikitini. Mwezi wa Ramadhani mmoja, yule binti wa Paje akaja kumtazama mama yake. Binti ana mkono mwepesi, akatia betri mpya na kuirekebisha saa ikawa sawasawa. Hakumwambia mtu, kwani ni jambo la kusema hilo?

Jioni ya siku ile mawingu yametanda na umeme umekatika. Hakuna televisheni, hakuna redio, kipaza sauti cha msikiti hakifanyi kazi. Mwadhini akamlaza mkewe vizuri, akatazama saa, akaongeza tano zake, akenda kuadhini magharibi kwa koo. Koo lake lilitosha mtaa mzima. Watu wakatia tende mdomoni, wakanywa maji. Halafu mmoja akauliza, "Mbona misikiti mingine kimya?"

Imamu akasema funga ya siku ile imeharibika, kila aliyefuturu atailipa baada ya Idi. Wanawake walinuna zaidi, maana wao wana siku nyingine za kulipa.

Mwadhini hakujitetea, wala binti hakumtaja. Habari ya saa alikuja kuisema binti mwenyewe, kwenye matanga ya baba yake. Alichosema mwadhini ni kwamba hatoadhini tena mpaka kila mtu wa mtaa ule amuwie radhi, mmoja mmoja, kwa mdomo wake. Akaanza kupiga hodi. Bi mkubwa wa nyumba ya kona akamwambia, "Nimekusamehe baba, lakini tende zangu zilikuwa nzuri, ningezila kwa raha." Muuza kahawa akamsamehe kabla hajamaliza salamu. Kuadhini akashikishwa mpwa wa imamu, ambaye sauti yake, sisemi kitu, mwezi ulikuwa mtukufu.

Mpaka kumi la mwisho la mwezi, alibaki mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Hapa niseme kweli, maana nshazeeka na wa kunicheka wengi wao wameshazikwa. Mimi siku ile sikuwa nimefunga. Nilikuwa Fumba kutazama kiwanja cha shemeji yangu, jua kali, nikala mihogo na samaki nyuma ya ukuta, nikafuta mdomo, nikarudi mjini na uso wa mfungaji. Tende ya adhana yake niliila juu ya mihogo. Hakuniharibia chochote.

Akanikuta barazani baada ya alasiri, wenzangu wamekaa wananitazama. Akavua kofia.

"Mzee mwenzangu, nimekuja kukuomba radhi ya ile siku."

Ningesema "nimekusamehe" yangekwisha. Lakini kusamehe funga ambayo sikuifunga nilikuona kama uongo wa pili, na kusema kweli mbele ya baraza sikuweza. Nikachagua mzaha.

"Funga yangu si ya bei rahisi, sheikh. Njoo baada ya Idi, nshailipa, ndio ntakupa jibu."

Baraza likacheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Akanitazama kidogo, kama anavyotazama saa yake, akiongeza kitu kichwani.

"Baada ya Idi, inshaallah," akasema. "Ngoja nkamgeuze mgonjwa."

Akavaa kofia yake, akashika njia ya kwake. Idi ikaja bila yeye, na barazani kwetu hakurudi tena.