Salamu Iliyokosewa

Wiki iliyopita, hapa ziwani ninapofundisha darasa la kwanza, mtoto ambaye alikuwa hajawahi kufungua mdomo darasani alisimama akanisahihisha salamu yangu ya Kinyasa, lugha ya kwao. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Matiri.

Nilikuwa nimejificha ndani ya ngoro, yale mashimo tunayochimba mteremkoni na kupanda mahindi kwenye kingo zake. Shimo lilinuka majani yanayooza na udongo wa mvua. Mwalimu wetu, mgeni kutoka pwani, alikuwa amefika shambani, nami nilijua amekuja kunifukuza shule, kwa sababu tangu nianze sikuwa nimetamka neno.

"Mama, samahani. Yule mtoto wako ni bubu?"

"Bubu? Nyumbani hanyamazi hata akiwa anakula! Ni Kiswahili tu hajakijua, mwalimu."

Nikasikia mama akilaza jembe chini.

"Basi nifundishe mimi kusalimia kwa Kimatengo, lugha yenu," mwalimu akasema.

Mama akamtamkia, mwalimu akakosea. Akarudia, akakosea tena. Mara ya tatu akapatia, mama akapiga kigelegele. Hakuna aliyekuwa anafukuzwa.

Kesho yake mwalimu alitusalimu darasani kwa Kimatengo, akakosea palepale alipokosea shambani. Nikasimama, nikamsahihisha kwa sauti. Kwa miaka mingi nilimwonea huruma kwa kusahau upesi vile.

Salamu ile ya Kinyasa niliyosahihishwa wiki iliyopita naijua vizuri tangu mwaka wangu wa kwanza hapa ziwani.