Mchi wa Mama Mtoni Ndarugu

Harufu ya makapi ya mkonge yanayooza ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi katika kambi ya vibarua wa shamba la mkonge, kati ya Ruiru na Thika, miaka ile ya hamsini. Wageni waliziba pua. Mimi hata leo nikiisikia nahisi njaa, maana utoto wangu wote ulinuka hivyo, na Jumapili zake zilikuwa za kambare. Tukitoka kanisani baba alikunja suruali, akaingia Mto Ndarugu kutega ndoana chini ya mawe ya katikati. Alitanguliza fimbo, akapapasa chini, ndipo akasogeza mguu. Hivyo ndivyo alivyofunzwa kwetu magharibi, ila kule fimbo ilikuwa mti wa kweli. Hapa watu wa kambi walitumia mlingoti wa mkonge, lile shina refu la ua lake, kwa kuwa ulikuwa mwepesi, mrefu, na wa bure.

Masika moja maji yalikuwa mekundu, yakivuma. Mama alikuwa ukingoni akiosha kinu na mchi, nami nikimtazama baba akirudi na kambare mnene kwapani. Mara mlingoti ukakatika. Kumbe ndani ni laini kama andazi. Baba akasombwa hadi kwenye jiwe, akalikumbatia kwa mkono mmoja. Nilipiga mayowe. Mama hakupiga. Aliingia na nguo zake za kanisani, akauchomeka mchi mbele yake upande maji yanakotoka, akauegemea, akapiga hatua, akauchomeka tena.

“Baba Nafula, shika mchi!” aliita, akimtaja kwa jina langu.

“Nimeshika samaki!”

“Wacha hiyo samaki! Nitaikula na nani?”

Akaiachia, akaushika mchi, mama akamvuta hadi ukingoni. Jioni ile tulikula sukuma wiki, na sijapata kula chakula kitamu kama kile. Tangu hapo mchi ulikwenda mtoni kila Jumapili, na mama alinung'unika kwamba mahindi yake yananuka kambare. Lakini hakuuficha hata mara moja.

Wote wawili walishafariki. Mimi nimezeekea hapa Juja, na mchi uko nyuma ya mlango wa jikoni. Juzi mjukuu wangu alinibebea mchi huo hadi Ndarugu, nikausimamisha kando ya jiwe lile. Maji yalilowesha ncha tu, yakapita na mifuko ya plastiki.

“Kukhu, kwani mtu anaweza kuzama hapa?” akaniuliza, akavuka bila kuvua viatu.

Niliuegemea mchi, nikatamani mto ule unitishe tena, ili nimsikie mama akiita.