Nilivyomtembeza Editha Mjini

Upepo ukiingia kwenye simu hutoa sauti moja ya kukera, fuuu, kama mtu anayepuliza jiko lenye kuni mbichi. Juzi mzazi mmoja alinipigia kutoka shambani kwake, huko nyuma ya Kasokola, kunieleza kwa nini mtoto wake hataonekana shuleni wiki nzima, na katikati ya maelezo yake upepo ukaingia. Nilikuwa nimechoka. Mwalimu wa darasa la tatu hana siku asiyochoka, na msimu wa kulima ndiyo kabisa, maana nusu ya darasa iko shambani na nusu iliyobaki inasinzia. Mzazi wa watu aliendelea kujieleza, mimi nikawa naitikia tu "ndiyo, ndiyo" bila kumsikia. Akili yangu ilikuwa imeshapanda Mwese.

Mwese ndiko nilikokulia, kule milimani, mahali ambapo ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi na maharage yanaota hata pasipopandwa. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yetu ya mwalimu ilipakana na nyumba ya bibi mmoja tuliyemwita Nyogokuru. Neno hilo la bibi ni la kwao, watu wenye asili ya Burundi, lakini hata sisi Wapimbwe wa nyumba ya pili tulimwita hivyo hivyo, na baba yangu pia, mtu mzima na suruali yake ya pasi. Nyogokuru alikuwa akimlea mjukuu wake, Editha, ambaye mama yake alifariki akiwa bado ananyonya. Editha alikuwa rika langu. Tulikula pamoja, tuliumwa surua pamoja, tuliogopa jogoo mmoja yule yule.

Nilipokuwa darasa la nne baba akahamishiwa Mpanda mjini, tukapanga nyumba Shanwe. Tuliondoka juu ya lori la maharage. Editha alikimbia nyuma ya lori mpaka kwenye kona, akasimama, akavuta kamasi, akarudi. Nilikuwa nikitarajia atalia na nikaudhika kidogo kwamba hakulia.

Lakini hatukuachana kabisa, kwa sababu siku ile ya kuondoka baba alikaa na Nyogokuru wakapatana. Editha akifika darasa la saba, aje akae kwetu, amalizie shule mjini pamoja nami. Baba angeshughulikia uhamisho. Nyogokuru alikubali, akampa mama jogoo yule yule tuliyemwogopa kama kutia muhuri. Kwangu mimi jambo lilikuwa limekwisha. Nilianza hata kulala upande mmoja wa kitanda ili nizoee.

Sasa, kuongea na mtu wa Mwese miaka ile haikuwa kazi nyepesi. Mtandao ulikamata sehemu moja tu, kwenye jiwe kubwa juu ya mlima, na hata pale ulikamata kwa kubembelezwa. Ukiishika simu mkononi inakata. Ndipo watu wakasimika mti juu ya jiwe, wakafunga kidumu kilichokatwa, simu ikawa inalazwa humo na kuwashwa spika, na mwenye kuongea anasimama chini yake anapaza sauti. Jumapili baada ya ibada foleni ilijaa. Hapakuwa na siri pale. Mtu akiambiwa na mwanawe aliye Tabora kwamba amepata mchumba, hongera anapewa na foleni nzima, na maswali juu ya ukoo wa binti yanaulizwa na watu wasiohusika.

Editha alipanda pale jiweni na simu ya baba yake mdogo. Mimi nilipewa ya mama, ambayo Jumapili ilikuwa na dakika za bure zisizolala mpaka kesho. Mwanzoni tulikuwa hatuna la kusema. Mzima? Mzima. Nyogokuru? Mzima. Kisha kimya, na upepo wa Mwese unapuliza fuuu. Mpaka Jumapili moja mama akanituma mashineni kuchukua unga wakati simu iko sikioni, nikamwambia Editha nakata.

"Usikate," akapaza sauti. "Nenda na mimi."

Nikaenda naye. Nilimwambia kila nilichopita: fundi cherehani aliyekuwa akishona huku amefumba jicho moja, maji machafu yaliyokatiza njia, watoto wanaogombania tairi. Pale mashineni niliisogeza simu ili asikie mtambo unavyonguruma, na nilipoirudisha sikioni nikasikia watu wengi wanacheka. Foleni nzima ya Mwese ilikuwa imekwenda na mimi kuchukua unga.

Basi ukawa mchezo wetu. Kila Jumapili nilimtembeza. Tulikwenda stesheni tukasikiliza treni ya Tabora ikipiga honi, tukapita sokoni, tukasimama nje ya kanisa la watu wenye vinanda vikubwa. Yeye naye alinilipa kwa habari za mlimani kabla hatujaanza safari: nyani walivyoingia kwenye mahindi, mtoto wa katekista alivyotumbukia kwenye shimo la matofali, mbuzi aliyekula kitenge cha mtu kikiwa kimeanikwa. Nilizipokea habari hizo haraka haraka kwa sababu nilikuwa na hamu ya kutembea.

Mchezo huu karibu uvunje nyumba ya watu. Kulikuwa na baba mmoja wa Mwese, baba Zakayo, aliyekuwa akileta maharage mjini kwa pikipiki. Jumapili moja nilimkuta Shanwe kwenye kibanda cha nyama choma, nikafurahi kumwona mtu wa kwetu, nikamtangazia Editha: "Hapa nampita baba Zakayo, anakula nyama, anacheka sana!" Kumbe mama Zakayo alikuwa kwenye foleni, na mumewe alikuwa amemtumia ujumbe kwamba pikipiki imemkwamia porini na hajala tangu jana. Nikasikia sauti ya mama mtu mzima inasogea chini ya kidumu.

"Mtoto wa mwalimu, hebu simama hapo hapo. Amevaa shati gani?"

"La bluu, mama. Jipya."

Nilisikia jinsi jiwe zima lilivyopokea habari ya shati. Kwa muda mrefu baba Zakayo alikuwa akiniona mjini anahamia upande wa pili wa barabara.

Tulipokuwa tunamaliza darasa la sita, Editha akabadilika. Hakutaka tena sokoni wala stesheni. Alitaka njia moja tu, ya kutoka nyumbani kwetu mpaka shuleni kwangu, kwa sababu Januari ndiyo ingekuwa njia yake. Nikawa mwalimu kabla ya kusomea ualimu. Nilimwambia, ukitoka getini unashika kushoto, unakwenda mpaka kwa mbuzi mweupe, hapo unakata kulia.

"Gaude, mbuzi si anatembea?"

Nikakubali kwamba mbuzi anatembea, tukabadilisha tukaweka nguzo ya umeme. Akaijua njia kuliko mimi. Nikijaribu kuruka kitu ananirudisha: "Hujapita kwa yule mama wa vitumbua." Mvua zilipoanza akataka zaidi. Tukifika shuleni hakutaka tuishie getini. Aliniuliza dirisha liko upande gani, ubao una nyufa wapi, mimi nakaa dawati la ngapi na yeye atakaa wapi. Nilimwambia atakaa kwangu, upande wa ukutani, kwa sababu huko mvua haipigi. Akasema hapana, anataka dirishani hata kama analowa. Tuligombana juu ya dirisha hilo Jumapili mbili nzima, foleni ikigawanyika, wengine upande wake, wengine upande wangu.

Siku hizo alikuwa akifika kwenye simu anahema. Nilimuuliza mbona anahema, akasema amekuja mbio. Nikafurahi kwamba ananikimbilia.

Januari ikafika. Mama alikuwa ametoa shuka moja kabatini na sufuria dogo, mambo ya mgeni, ingawa sasa nikikumbuka alikuwa akiyatoa taratibu mno, kama mtu asiyetaka kufika. Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa nilikwenda kijiweni pikipiki za Mwese zinaposimama. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kunyunyiza. Nilisimama chini ya bati la duka la mbolea tangu asubuhi. Zilikuja pikipiki zenye magunia, zenye kuku, na moja yenye mgonjwa aliyefungwa kwa kitenge mgongoni kwa dereva. Mwisho akaja baba Zakayo, matope mpaka kwenye nyusi. Safari hii hakuhamia upande wa pili. Alishuka, akafungua mpira wa kufungia mizigo, akanikabidhi mfuko wa maharage.

"Editha amekusalimia," akasema.

"Yeye anakuja na nani?"

Baba Zakayo aliangalia tairi lake. "Nenda nyumbani, mama. Mvua hii."

Nilibeba maharage yale mpaka nyumbani. Mama aliniambia kwamba Nyogokuru amepooza upande mmoja, hawezi kuinuka, na pale nyumbani hakuna mwanamke mwingine. Editha atabaki. Nililia mpaka nikalala na sare mpya mwilini. Jumapili iliyofuata niliongea naye. Tukasalimiana, akaniambia soma sana, nikasema sawa, upepo ukachukua nafasi yetu. Hatukutembea tena. Baadaye baba yake mdogo aliuza simu, mimi nikaenda sekondari ya bweni, halafu chuo, na Editha akawa mtu ninayeletewa salamu zake na wauza maharage. Aliolewa huko huko. Ana watoto, wa kwanza ana urefu kama wangu.

Miaka yote hiyo nilimhesabu Editha kama jambo lililoharibika Jumamosi moja ya Januari. Nilimwonea huruma, na mimi nikajionea huruma, na nikaamini kwamba Nyogokuru alianguka ghafla pale mwishoni na kutukatizia safari mlangoni.

Ni jioni ya siku ile aliponipigia yule mzazi ndipo nilipomsimulia mama habari za kidumu na mbuzi mweupe, nikitaka tucheke. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakucheka. Akasema, bila kuinua macho kwenye ungo: "Yule mtoto alijua tangu mvua za kwanza kwamba haji."

Baba yake mdogo alimpigia mama mapema, mara tu Nyogokuru alipoanguka, miezi kabla ya Januari. Mama alitaka kuniambia usiku ule ule. Ni Editha aliyemwomba asiniambie. Alipanda jiwe siku ya katikati ya wiki, pasipo foleni, akampigia akamwambia, "Mama mwalimu, usimwambie Gaude. Nitamwambia mwenyewe." Na mama akanyamaza, akisubiri niambiwe na mtoto mwenzangu. "Alikuwa anakuhurumia," mama akasema. "Aliona utakufa moyo uache kusoma."

Nilizirudia Jumapili zile za mvua, moja moja: dirisha, nyufa za ubao, ugomvi wa nani atakaa wapi. Zote alizifanya akijua, na foleni nzima ikijua ikamtunzia siri hiyo moja. Na ile kuhema. Sasa mimi mwenyewe najua kuchoka, najua mtu anavyohema akifurahi na anavyohema akiwa amebeba maji, amefua, amepika na amemnyanyua mgonjwa kabla ya kupanda mlima. Havifanani hata kidogo. Mtoto hawezi kusikia tofauti, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Siku hizi Mwese mtandao unafika mpaka jikoni. Nilimpigia. Tulianza na salamu, watoto, mvua, kisha nikamuuliza kwa nini alinificha. Nikamweleza alivyosema mama, kwamba alinihurumia.

Editha alicheka kicheko kikubwa cha mama wa shamba, mpaka akakohoa.

"Wee Gaude! Mama mwalimu ananipa utakatifu bure. Nikuhurumie wewe, uliyekuwa unakula vitumbua?" Nilisikia mtoto nyuma yake anamuuliza chumvi iko wapi, akamjibu. "Ningekwambia siji, ungenitembeza tena?"

Nilifikiri. "Ningelia."

"Ungelia, halafu ungeacha. Nakujua. Na mimi wiki nzima nafua mashuka ya Nyogokuru. Nilikuwa na Jumapili tu, dada. Ningeiacha vipi?"

Nilitaka kumwambia pole, ikaonekana imechelewa na pia si mahali pake, kwa sababu sauti yake haikuwa ya mtu aliyeibiwa kitu. Aliniaga kwamba ugali unaungua. Nilibaki nimekaa kitandani na viatu miguuni, madaftari ya darasa la tatu yamenizunguka, sina nguvu hata ya kufungua moja.

Mtoto aliyesimama chini ya bati la duka la mbolea alijua kitu kimoja tu, kwamba Editha hakuja. Ilinichukua umri huu wote kuelewa kwamba alikuja. Alikuja kila Jumapili ile ya mvua, akatoka getini kwetu akashika kushoto, akapita nguzoni, akaingia darasani akakaa dirishani alipopataka, kisha simu ikakatwa, akashuka mlima kwenda kumgeuza Nyogokuru kitandani.